Vyuma Alivyoleta Kipenzi

Kaka yangu hakuwahi kumpenda binti yake, na mtu akiniuliza nimejuaje, nitamwambia nimekaa nao chumba kimoja cha kazi tangu huyo binti hajaota meno. Mimi ndiye shangazi. Nashona ngozi za siti za baiskeli za zamani, na meza yangu iko dirishani kwenye mwanga, kwa hiyo mengi hupita mbele ya macho yangu hata nisipoyataka. Kaka yangu watu wote wanamwita Fundi. Binti tunamwita Nati, kwa sababu alipokuwa mdogo alimeza nati ya pedali, tukasubiri mpaka itoke, na baba yake akaiosha akairudisha mahali pake. Mteja aliondoka na baiskeli yake siku hiyohiyo, na Fundi akasema mtoto amemchelewesha.

Yupo pia mtoto wa kiume. Jina la Kipenzi nilimpa mimi kwa kejeli, baba yake akalipokea kwa moyo mmoja, na kuanzia hapo likabaki. Kipenzi anauza bima katika mji mwingine. Hajawahi kuunga mnyororo ulionikatikia mimi, seuze wa mteja. Lakini akipiga simu, Fundi anatuamuru wote tunyamaze, mashine yangu ya kushonea nayo inyamaze, ili asikie mwanawe amekula nini.

Karakana yetu inafufua baiskeli za mashindano za zamani, zile ambazo viwanda vyake vilishaacha kuzitengeneza. Kuna sheria moja tu pale, na Fundi ndiye aliyeiweka: mwenye kufunga ndiye mwenye kujaribu. Ukishafunga gia, unaipanda mwenyewe, unatoka mlangoni, unakwea kilima mpaka kwenye tangi la maji, unarudi, na njiani unapitisha gia zote, moja baada ya nyingine. Fundi anasimama mlangoni amefumba macho, anasikiliza. Mimi na kaka yangu hatupatani hata kwenye chumvi ya mboga, lakini kwenye masikio namvulia kofia. Alikuwa anasikia ugonjwa wa baiskeli kabla haijafika kwenye kona.

Kisha kiharusi kikampiga upande mzima wa kulia. Mkono ukafa, mguu ukafa, ulimi ukapona, nasi tukabaki na ulimi. Nati akachukua kila kitu. Alimwogesha, alimkata kucha, alimlisha, halafu alishuka karakanani kufanya kazi ya watu wawili, huku baba yake amekaa mlangoni kwenye kiti cha magurudumu akimsimanga mbele ya wateja. "Hiyo spana unaishika kama kijiko," alikuwa akisema. "Jamani, mnamwona? Anapakua mchuzi." Wateja walicheka kidogo kwa adabu. Baiskeli walizochukua zilikwenda vizuri, wakarudi na nyingine, na kila waliporudi walimpongeza Fundi.

Mwaka huo Fundi alitangaza kwamba anataka kuandikisha karakana kwa jina la mmoja wa watoto wake kabla hajafumba macho. "Nitampa aliye fundi," alisema. Hakutaja mtu. Nati hakulala vizuri tangu siku hiyo. Aliniambia mezani pangu, akiokota vipande vya ngozi visivyomhusu, "Shangazi, mimi sijali sana hizi kuta. Nataka atamke tu. Aseme mimi ni fundi, mbele ya watu, basi."

Nilimwambia aache upuuzi, achukue kuta. Neno halizuii mvua.

Kipenzi alikuja bila taarifa, shati jeupe, viatu vya kung'aa, boksi mkononi. Ukutani kwetu ilikuwa imetundikwa baiskeli ya Fundi mwenyewe, ile aliyoipanda kwenye mashindano ujanani, ambayo vyuma vyake vya gia vilivunjika zamani na vingine vya aina yake havikupatikana. Kipenzi akafungua boksi mbele ya wateja kama mtu anayefungua pete ya uchumba. Ndani mlikuwa na vitu viwili: kishikio cha gia, kile unachokisukuma kwa kidole, na kisukumio, kile kichuma cha nyuma kinachouhamisha mnyororo kutoka gia hadi gia. Vyote vya kiwanda kimoja, nembo moja, vinameremeta. Fundi akatokwa na machozi ya jicho moja, lile zima.

Nati alivitazama, akasema polepole, "Baba, hivi haviingiliani."

Nieleze kwa asiyejua. Vishikio vya zamani vilikuwa vinateleza tu. Unavuta, unaitafuta gia kwa kidole na sikio, na kishikio cha namna hiyo kinapatana na kisukumio chochote duniani. Baadaye viwanda vikatoa vishikio vya milio. Unasukuma, kinalia *tak*, waya unavutwa kiasi kilekile kila mara, na kisukumio kinasogea gia moja kamili. Ni raha tupu, ila sharti viwili hivyo viwe vimezaliwa pamoja. Kiwanda hichohicho kilitengeneza kisukumio cha washindani, kinachotaka kuvutwa kidogo, na kishikio cha watu wa kawaida, kinachovuta zaidi. Kipenzi alikuwa amenunua kisukumio cha washindani na kishikio cha watu wa kawaida. Kwa kila mlio, kisukumio kingepita mahali pake kwa unywele. Mlio wa kwanza hungeona kitu. Ukifika wa mwisho, zile nywele zimejumlika, na ng'ambo ya gia kubwa hakuna kitu kingine isipokuwa spoku za gurudumu.

Nati alieleza haya yote kwa upole, akimwangalia kaka yake asimwaibishe. Fundi akanyoosha mkono wa kushoto. "Nipe." Alikichukua kisukumio, akakichezesha kiungo chake kwa kidole gumba. Akaomba kishikio. Akakisukuma taratibu, *tak*, *tak*, macho amefumba, kichwa kimeinama. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka mteja mmoja akakohoa.

"Viko sawa," akasema. "Kiwanda kimoja, nembo moja. Funga."

"Baba, nembo ni moja lakini mvuto wa waya..."

"Kaka yako ametoka mbali na mzigo. Wewe hapo ulipo umeniletea nini? Funga."

Nati akafunga. Alifunga kama alivyofundishwa, akaipandisha ile baiskeli ya baba yake kwenye stendi, akazungusha pedali. Gia ndogo zikaenda. Za katikati zikaanza kukwaruza, mnyororo ukisita juu ya meno. Kwa kuwa aliogopa spoku, alikuwa amekaza skrubu ya kikomo, ile inayokizuia kisukumio kisipite gia kubwa, na kwa sababu hiyo mlio wa mwisho ukagoma. Kishikio kilisukumwa, waya ukakakamaa, pasilie kitu.

"Mlio mmoja umeliwa," Fundi akasema. "Na nani?"

Pembeni mwa kishikio hicho kulikuwa na pete ndogo. Ukiizungusha, milio inakufa na kishikio kinateleza huru kama vya zamani. Nati akaizungusha. Akapitisha gia zote kwa kidole, juu mpaka chini, chini mpaka juu, na mnyororo ukahama bila hata kunong'ona. Mimi niliacha sindano. Wateja wawili waliinuka kwenye benchi. Ilikuwa kazi safi, na yeyote mwenye masikio aliisikia.

"Sijasikia chochote," Fundi akasema. "Mwanangu kaniletea gia za milio, huyu kanipa bubu. Zungusha hiyo pete uirudishe ilivyokuwa."

Basi ikawa ndiyo burudani ya karakana. Kila mteja aliyeingia alioneshwa. "Njoo umwone fundi wangu, ameshindwa na vyuma vipya." Nati alifunga, akafungua, akabadilisha waya, akapima, na kila mara jibu lilikuwa lilelile kwa sababu chuma hakina aibu wala huruma. Kipenzi alikuwa amekaa juu ya meza yangu, juu ya ngozi zangu, akimumunya peremende na kumtia moyo dada yake. "Taratibu tu, dada. Utaelewa." Niliichoma suruali yake kwa sindano, nikajifanya nimeteleza.

Siku moja Nati akiwa amekwenda kumchemshia baba yake supu, Kipenzi akashika bisibisi. Alikuwa amemsikia dada yake akitaja skrubu ya kikomo, na akili yake ya kuuza bima ikamwambia kwamba kitu kinachozuia ndicho chenye kosa. Akaifungua. Nati alirudi akamkuta bado anazungusha.

"Kaka, hiyo usiiguse."

"Tulia." Akazungusha pedali, akasukuma kishikio mpaka mwisho. *Tak.* Kwenye stendi, bila uzito wa mtu, mnyororo ulipanda gia kubwa ukakaa hapo, na kisukumio kikawa kinapita karibu na spoku kiasi kwamba ungeweza kusikia upepo wake. Wateja wakapiga makofi. Fundi akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu augue.

"Mnaona?" akasema. "Mmoja kahangaika siku zote hizi. Mwenzake kashika bisibisi mara moja."

"Baba, amefungua skrubu ya kikomo," Nati akasema. "Hapa inazunguka kwa sababu hakuna mtu juu yake. Kilimani, mtu akiikanyagia, gurudumu linapinda kidogo. Mlio wa mwisho ukilia, kisukumio kinaingia kwenye spoku."

"Kwa hiyo kaka yako hajui."

"Sikusema hivyo."

"Sema basi."

"Hajui, baba."

Kipenzi akaitoa peremende mdomoni, akaiangalia. Fundi akamgeuzia Nati lile jicho zima, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chai, "Sheria ya hapa unaijua. Mwenye kufunga ndiye mwenye kujaribu. Itoe nje."

"Aliyefunga ni mimi. Aliyefungua skrubu ni yeye. Na apande yeye."

"Mimi si fundi, dada," Kipenzi akawahi, na hiyo ndiyo kweli pekee niliyomsikia akisema tangu afike.

"Fundi anayeogopa kazi ya mikono yake si fundi," kaka yangu akasema. "Panda, nisikie milio yote, na leo hii mbele ya hawa watu nitasema karakana ni ya nani. Au mkabidhi mwenzako funguo sasa hivi, ukapike."

Nilisimama. Nikamwambia Nati, "Mwanangu, weka funguo mezani twende nyumbani." Nilisema kwa sauti, kila mtu alisikia. Nati hakunitazama. Alikuwa anamtazama baba yake, na nikaona jinsi alivyokuwa anataka, na nikapandwa na hasira. Mtu mzima, mwenye mvi mbili tatu, anataka kitu kutoka kwa mtu asiyekuwa nacho.

"Milio yote?" akauliza.

"Yote."

"Hata wa mwisho?"

"Hasa wa mwisho."

Akaitoa nje. Akapanda. Wateja wakajipanga ukutani, Kipenzi akasukuma kiti cha baba yake mpaka kizingitini. Fundi akafumba macho. Barabara ya kilima ilikuwa tupu, na sauti ilitufikia vizuri: matairi kwenye changarawe, mnyororo, *tak*. Mkwaruzo kidogo. *Tak*. Alikuwa anakwea sasa, amesimama kwenye pedali, mgongo umeinama. *Tak*, na mkwaruzo mrefu zaidi. Fundi alikuwa akitikisa kichwa kwa kila mlio. Nati alipofika karibu na tangi, pale kilima kinapokuwa kikali, alipunguza mwendo, na akageuka akatutazama. Angeweza kurudi hapo. Alirudisha uso mbele, akasukuma kishikio.

Mlio wa mwisho tuliusikia, ukafuatwa na spoku zikikatika zote kwa pamoja. Gurudumu la nyuma lilikabwa, baiskeli ikasimama ghafla, na Nati akatupwa juu ya usukani. Nilimwona akitanguliza mkono wa kulia, nikamwona akitua juu yake.

Nilikimbia na miguu yangu hii mibovu, nikiwa na uzi bado umening'inia mdomoni. Nati alikuwa amekaa barabarani, kifundo cha mkono kimegeukia upande ambao vifundo haviendi. Halii. Kisukumio kilikuwa kimesokotwa ndani ya gurudumu, na kile kipande cha fremu kinachokishikilia kilikuwa kimeng'oka na chuma chake. Mteja mmoja aliyefika nyuma yangu akapiga mluzi wa chini kwa mshangao. Kutoka mlangoni tukasikia sauti ya Fundi, kali, inaita.

"Fremu imepona?"

Akaita tena, neno lilelile.

Daktari wa mifupa alimfunga Nati plasta mpaka juu ya kiwiko. Alisema mfupa utaunga, ila kifundo hakitageuka tena kama zamani. Spana inataka kugeuka. Nati alimsikiliza, akamshukuru, akauliza kama ataweza kumwinua mgonjwa kitandani. Daktari akamuuliza mgonjwa gani.

Wiki hiyohiyo Fundi alitamka mbele ya wateja kwamba karakana ni ya Kipenzi. Kipenzi alikuwa na mipango tayari. Baiskeli hazitapandwa tena. Zitapakwa rangi na kuuzwa kwa watu wa mahoteli wanaozitundika ukutani. Kwa kazi hiyo, alisema, hata gia hazihitaji kupatana. Alinihakikishia kwamba siti zitahitajika bado, alimradi ngozi iwe ya plastiki. Nilimwambia mahali pa kuiweka hiyo plastiki.

Mchana mmoja nilikwenda kumwona kaka yangu chumbani kwake. Nilikuwa nimekusudia kumpasulia, lakini nilimkuta amelala chali, anaangalia dari, mdogo kuliko godoro. Nikakaa. Nikamuuliza swali moja tu.

"Ulikuwa hujasikia kweli? Siku ile ulipovishika vile vyuma?"

Akacheka kwa nusu ya mdomo. "Wewe unanionaje? Niliposukuma mlio wa pili nilikuwa nimeshajua. Kile kishikio ni cha kwendea sokoni."

"Sasa kwa nini?"

"Katoka mbali na boksi lake. Wateja wamekaa pale wanatazama. Nimwambie mtoto wa kiume hajui kitu?"

"Na Nati?"

"Nati kazoea," akasema.

"Ukamtuma kilimani, na ulijua."

"Nilidhani ana akili. Mwenye akili angegeuza kabla ya mlio wa mwisho, akarudi, nami ningesema nimeusikia. Angeipata karakana. Yeye akaona bora aniumbue mbele ya watu." Akafuta mate kwa mkono mzima. "Kazi yake ilikuwa sawa. Ile ya kwanza, ya pete. Mimi mwenyewe nisingefunga vizuri hivyo. Ni fundi, huyo."

Niliinuka hata sikumbuki nimeinukaje. Nilikwenda mlangoni, nikavuta pazia, nikamkuta Nati amesimama hapohapo, bakuli la supu limeegemea plasta, kijiko kwenye mkono wa kushoto. Sikujua amesimama kwa muda gani. Nikamshika bega nikamwingiza ndani.

"Rudia," nikamwambia kaka yangu. "Rudia uliyoniambia. Mwambie yeye."

Fundi alimtazama binti yake. Alimtazama vizuri, kuanzia plasta mpaka usoni, na nikaona mdomo wake ukiandaa kitu. Maneno aliyodaiwa yalikuwa matatu tu: wewe ni fundi.

"Shangazi yako amezeeka," akasema. "Sijui anaota nini."

Nati aliweka bakuli juu ya stuli iliyo upande wa kulia wa kitanda, upande wa mkono uliokufa. Akauchukua ule mkono, akaufungua vidole kimoja kimoja, akaweka kijiko ndani yake, akavifunga tena. Alifanya kwa upole uleule anaofanya kila kitu.

"Nimesikia, baba," akasema. "Nilikuwa nyuma ya pazia. Kula."

Akatoka. Tulisikia mlango wa nje ukifungwa. Kaka yangu alikitazama kijiko, kisha akanitazama mimi, akajaribu kulivuta bega la mkono ule. Kijiko kikateleza kikaanguka sakafuni, upande wangu, karibu na kiatu changu.

"Dada," akaniita. Sijui mara ya mwisho kuniita hivyo ilikuwa lini.

Supu ilikuwa bado inafuka moshi. Nilichukua mkoba wangu nikaenda kushona.